Bia ya Moshi ya Grodzisk na Ndugu Zake Weusi: Mitindo ya Bia za Poland

Mtu anayeingia duka la kawaida nchini Poland na kusimama mbele ya rafu ya bia anaweza kudhani kwamba Wapolandi wote wanakunywa bia moja iliyopewa majina mengi. Tyskie, Lech, Żubr, Żywiec, Warka, Okocim, Harnaś: lebo zinatofautiana, makopo yana rangi zake, lakini ndani ya karibu yote mna laga ya manjano, laini, yenye kilevi cha asilimia 5 au zaidi kidogo, iliyotoka katika mojawapo ya kampuni tatu kubwa. Kompania Piwowarska iko mikononi mwa Asahi ya Japani tangu mwaka 2017, Grupa Żywiec iko chini ya Heineken, na kampuni ya tatu ni Carlsberg ya Denmark. Poland ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa zaidi wa bia barani Ulaya, na sehemu kubwa ya bia hiyo ni laga ya aina hiyo hiyo.

Sina ugomvi na laga. Jioni ya joto ya mwezi Julai, Tyskie iliyopoa vizuri inatimiza kazi yake kikamilifu. Hata hivyo, nimeishi Poznań kwa muda wa kutosha kuona jinsi wageni, na hata Wapolandi wenyewe, wanavyoishia kwenye rafu hiyo na kuondoka wakiamini kwamba bia ni mali ya Wajerumani, Wacheki na Wabelgiji, na kwamba Mpolandi ni mtu wa vodka tu. Imani hiyo inaniuma kwa sababu si ya kweli. Poland ina mitindo ya bia iliyozaliwa au kulelewa katika ardhi yake, na miwili kati yake ni hazina ambayo nchi yoyote ingejivunia: mmoja, bia ya Grodzisk, ni mwepesi, wenye moshi na povu jingi, wa kunywewa mchana bila kulewesha, mwingine, porta ya Baltiki, ni mweusi, mzito, mtamu wa polepole, wa kunywewa kidogo kidogo wakati wa baridi. Mitindo hiyo haikulindwa na sheria wala na kampuni kubwa. Ililindwa na watu wa kawaida, wakiwemo wafanyakazi wa viwandani, wanywaji wakaidi na wapika bia wa majikoni, na pale watu hao walipokosekana, bia ilikufa.

Ninajua kwamba wasomaji wangu wengi hawanywi pombe, ama kwa sababu ya dini ama kwa uamuzi wao wenyewe, na makala haya hayamshawishi yeyote abadili msimamo wake. Nayaandika kama ambavyo mtu mwingine angeandika kuhusu ufinyanzi au ususi wa mikeka, kwa maana kupika bia ni ufundi wa mikono wenye historia ndefu, na historia ya Poland inasomeka vizuri sana ndani yake.

Kabla ya kwenda mbali, msomaji anahitaji kuelewa kipimo kimoja ambacho hukiona kwenye lebo za Poland na ambacho huwachanganya wageni. Mbali na asilimia ya kilevi, lebo nyingi huonyesha asilimia nyingine iliyo kubwa zaidi, inayoitwa ekstrakti. Bia huanza na kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa hadi ikaota, kisha ikakaushwa na kusagwa. Kimea kikichanganywa na maji ya moto hutoa utamu wake, na ekstrakti ni kipimo cha utamu na virutubisho vilivyomo katika maji hayo kabla hamira haijaanza kazi. Laga ya kawaida huwa na ekstrakti ya 11 au 12. Bia ya Grodzisk huwa na 7.7 au karibu na hapo. Porta ya Żywiec ina 22. Mtu akiijua namba hiyo moja, anaweza kukisia uzito wa bia kabla hajaifungua, na Wapolandi wanaopenda bia huitaja namba hiyo kwa urahisi kuliko wanavyotaja kilevi.

Grodzisk Wielkopolski ni mji mdogo ulio kusini-magharibi mwa Poznań, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Katika uwanja wa soko lake la zamani kuna kisima kinachoitwa kwa jina la Bernard wa Wąbrzeźno, mtawa Mbenediktini wa abasia ya Lubiń aliyefariki mwaka 1603. Simulizi ya mji inasema kwamba kisima kilichotoa maji ya kupikia bia kilikauka, watu wakaingiwa na hofu kwa kuwa bia ndiyo iliyokuwa riziki yao, na mtawa huyo alipokiombea, maji yakarudi. Kwa shukrani, wapika bia wa Grodzisk walishika desturi ya kupeleka pipa la bia Lubiń kila mwaka. Simulizi hiyo ipokelewe kama simulizi, lakini inaonyesha jambo ambalo nyaraka nazo zinalithibitisha, kwamba katika mji huu bia haikuwa starehe ya pembeni, bali ndiyo iliyowalisha watu.

Kilichoitofautisha bia hiyo na nyingine zote ni kimea chake. Kwa kawaida bia ya ngano huchanganywa na kimea cha shayiri, kwa sababu ngano haina maganda na ikitumika peke yake huganda kama ugali na kuziba chujio. Watu wa Grodzisk walitumia ngano tupu. Kisha, badala ya kukausha kimea hicho kwa hewa ya moto isiyo na harufu, walikikausha kwa moshi wa kuni za mwaloni. Moshi wa mwaloni una ukavu fulani. Haufanani na moshi mzito wa nyama iliyobanikwa unaoupata katika bia za moshi za Bamberg, Ujerumani, ambazo kwa desturi hutumia mti mwingine wa Ulaya uitwao buki. Waliongeza hopsi za kutosha, yaani maua ya mmea unaoipa bia uchungu na harufu, kutoka mashamba ya Nowy Tomyśl, ambayo yako jirani kabisa, wakaichachusha kwa hamira inayofanya kazi katika joto, wakaisafisha kwa gundi inayotengenezwa kwa vibofu vya samaki, kisha wakaitia kwenye chupa ikiwa bado inaumuka kidogo ili gesi ijijenge humo humo ndani.

Matokeo yake ni bia ya ajabu. Kilevi chake ni karibu asilimia 3 tu. Rangi yake ni ya manjano hafifu, na inang'aa bila ukungu wowote, jambo lisilo la kawaida kwa bia ya ngano. Ukifungua chupa yake, usiwe na haraka, kwa sababu ina gesi nyingi mno. Chukua glasi ndefu na nyembamba, iinamishe, mimina robo yake tu, kisha ngoja. Povu litapanda hadi ukingoni, jeupe na gumu, na litakaa kwa dakika kadhaa bila kushuka. Mimina tena kidogo, ungoje tena, na uache sentimita moja ya mwisho chini ya chupa, kwa maana hapo ndipo hamira ilipotuama. Harufu ya kwanza ni ya moshi wa mbali, kama wa jiko la jirani; ya pili ni ya ngano kavu, karibu na biskuti isiyo na sukari; halafu unakuja uchungu wa hopsi unaosafisha kinywa chote. Haina utamu unaobaki. Unameza, na mkono unarudi kwenye glasi wenyewe. Walioiita shampeni ya Poland walikuwa na sababu, ingawa mimi naona jina hilo linaipunguzia haki yake, kwa sababu haihitaji kufananishwa na kinywaji cha matajiri ili iheshimiwe.

Kuna jambo la kusisitiza hapa, kwa kuwa limezua mkanganyiko mkubwa nje ya Poland. Wapika bia kadhaa wa nchi nyingine, wakiongozwa na maelezo ya vitabu yaliyochanganya bia ya Grodzisk na bia za moshi za mashariki mwa Ujerumani ambazo kweli ni chachu, walianza kutengeneza bia kali kama siki na kuibandika jina hilo. Bia ya Grodzisk haikuwa chachu. Wazee waliofanya kazi kiwandani walisema hivyo, na mwongozo wa mitindo wa waamuzi wa bia wa Marekani, uliotolewa mwaka 2015, uliiweka katika kundi la bia za kihistoria na kueleza kwamba uchachu ndani yake ni kasoro. Nimewahi kupewa bia chachu yenye lebo ya Grodziskie, jina la Kipolandi la bia ya Grodzisk, katika baa moja nje ya Poland, na mhudumu aliniapia kwamba ndiyo ya asili. Sikuweza kuimaliza. Si kwamba ilikuwa bia mbaya, ila ilikuwa imebeba jina la marehemu na kumsemea uongo.

Nasema marehemu kwa sababu bia hiyo ilikufa kweli. Ilivuka mambo mengi kabla ya hapo. Mwaka 1793 Prussia ilitwaa eneo hilo, mji ukaitwa Grätz, na bia ikasafiri kwa jina hilo la Kijerumani hadi miji mingi ya dola hiyo na ng'ambo. Ilivuka vita viwili vya dunia. Ilivuka pia utaifishaji baada ya mwaka 1945, ingawa wakati huo ilikuwa ikinywewa zaidi katika mkoa wake wenyewe. Kilichoimaliza ni soko huria. Baada ya mwaka 1989 viwanda vya serikali viliuzwa, wamiliki wapya wakataka bidhaa chache zinazouzika nchi nzima, na bia nyepesi ya moshi yenye kilevi kidogo, ambayo kijana wa wakati ule aliiona kuwa kinywaji cha babu yake, haikuwa na mtetezi katika mikutano ya hesabu. Mwaka 1993 kiwanda cha Grodzisk kilifungwa. Mtindo wa karne kadhaa ukasimama, na hapakuwa na kiwanda kingine duniani kilichokuwa kikiutengeneza.

Mzee mmoja jirani yangu, aliyezaliwa mkoa huu huu, aliniambia kwamba hakuna aliyelia siku ile. Watu walikuwa na shughuli ya kutafuta kazi, bei zilikuwa zikipanda, na rafu za maduka zilikuwa zimejaa vitu vya nje ambavyo hawakuwahi kuviona. Ilichukua miaka, alisema, kabla hajagundua kwamba kile alichokuwa akikitamani siku za joto hakipo tena na hakuna wa kumuuliza. Maneno yake yalinisaidia kuelewa kwa nini kuirudisha ilikuwa kazi ngumu. Mapishi hayakai kwenye karatasi tu. Karatasi hukuambia kiasi cha ngano na muda wa kuchemsha, lakini haikuambii moshi uwe mkali kiasi gani, wala hamira ile ilikuwa na tabia gani, wala povu lilipaswa kusimama vipi.

Waliofanya kazi hiyo ni wapika bia wa nyumbani, kupitia chama chao cha kitaifa, PSPD. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 waliunda kamati maalumu kwa ajili ya bia hiyo moja. Walizungumza na watu waliowahi kufanya kazi kiwandani, wakapekua nyaraka za zamani, wakakusanya hamira zilizohifadhiwa hapa na pale na kudaiwa kuwa ni za Grodzisk, wakazijaribu moja moja na kuzitupa zile zilizotoa ladha isiyokubalika na kumbukumbu za wazee. Kimea cha ngano kilichokaushwa kwa moshi wa mwaloni hakikupatikana sokoni hadi kampuni ya Weyermann ya Bamberg ilipoanza kukitengeneza. Hatimaye, mwaka 2015, wamiliki wa kiwanda cha Fortuna cha Miłosław walikifufua kiwanda cha Grodzisk, na bia ikapikwa tena mahali pake. Watu hao wa chama hawakulipwa kwa miaka ile ya utafiti. Walikuwa na kazi zao nyingine, na walipika jikoni usiku. Mimi nawahesabu kuwa miongoni mwa wahifadhi wakubwa wa utamaduni wa Poland wa wakati wetu, na ninasema hivyo kwa dhati.

Porta ya Baltiki ina hadithi iliyo kinyume kabisa, kwa sababu haikuzaliwa Poland na haikuwahi kufa. Mama yake ni porta ya Uingereza, bia nyeusi ya London ambayo katika karne ya 18 ilianza kupakiwa melini kwenda bandari za Bahari ya Baltiki. Ile iliyosafirishwa ilikuwa kali kuliko ya nyumbani, na ilipendwa sana Urusi na katika nchi zilizo njiani. Vita vya Napoleon vilipovuruga biashara, hasa baada ya amri yake ya mwaka 1806 ya kuzifunga bandari za bara dhidi ya bidhaa za Waingereza, wanywaji wa pwani ile walibaki na hamu isiyo na wa kuituliza. Wapika bia wa huko wakaanza kuiga. Karne ya 19 ilipoendelea na ufundi wa laga ulipoenea kutoka Bavaria na Bohemia, wakaacha hamira ya joto ya Kiingereza na kutumia hamira ya baridi waliyokuwa nayo tayari, kisha wakailaza bia kwa miezi katika vyumba vya baridi.

Badiliko hilo la hamira ndilo lililoifanya kuwa mtindo wa peke yake. Hamira ya joto huacha ladha za matunda na ukali. Hamira ya baridi, ikipewa muda, hufuta kingo zote. Ndiyo maana porta nzuri ya Poland inaweza kuwa na kilevi cha asilimia 9 au zaidi na bado ikateremka kooni bila kuunguza. Nafaka yake haichomwi hadi kuwa majivu, kwa hiyo haina ule uchungu wa kahawa iliyoungua. Badala yake kuna chokoleti, mkate mweusi, karameli, plamu zilizokaushwa, na katika chupa za zamani kuna kitu kinachokaribia mvinyo mtamu. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana ndugu yake karibu nao bila kujua: Guinness ile nzito inayouzwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam nayo ni mtoto wa porta zilizotengenezwa kuwa kali kwa ajili ya safari ya melini. Mmoja alikwenda kusini akabaki na hamira ya joto na uchungu wa kuchomwa. Mwingine alikwenda kaskazini akalazwa kwenye baridi.

Porta mashuhuri kuliko zote Poland ni ya Żywiec, mji wa milimani kusini, ambako familia ya kifalme ya Habsburg ya Austria ilianzisha kiwanda mwaka 1856. Porta yake ilianza kupikwa mwaka 1881. Kwa miaka mingi ilipikwa katika kiwanda cha ngome ya Cieszyn, kilichoanzishwa mwaka 1846 na familia hiyo hiyo, na kilevi chake ni asilimia 9.5. Jambo linalonigusa ni kwamba bia hii ilivuka utawala wa kikomunisti na ubinafsishaji, ikiuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, huku katika nchi nyingine bia za hadhi hiyo zikiwa ni za wachache. Mpolandi yeyote angeweza kuingia duka la mtaani na kutoka na mojawapo ya bia bora za giza duniani, na wengi hawakujua kwamba ndicho walichokuwa wamekibeba mfukoni.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba Grodzisk ilikuwa chini ya Prussia na Żywiec ilikuwa chini ya Austria. Hilo si jambo la kupitwa. Kuanzia mwaka 1795 hadi 1918 Poland haikuwapo kwenye ramani; iligawanywa kati ya Prussia, Austria na Urusi, na kila kipande kilikuwa na kodi zake, reli zake, soko lake na wapika bia wake. Tunapozungumza leo kuhusu mitindo ya bia za Poland, tunazungumza kuhusu vitu vilivyokua katika dola tatu tofauti na kukusanywa chini ya bendera moja. Baadhi ya wazalendo hukasirika wakiambiwa kwamba bia ya Grodzisk ilinywewa sana na Wajerumani, au kwamba porta yao ya fahari ilitoka katika kiwanda cha Waaustria. Mimi sioni aibu hapo. Waliokoroga, waliochota maji na waliosukuma mapipa walikuwa watu wa mahali pale, na wao ndio waliobaki wakati dola zilipoondoka.

Gdańsk, bandari ya kaskazini, ilikuwa na bia isiyofanana na chochote. Waliiita kwa Kijerumani Jopenbier, na kwa Kipolandi huitwa piwo jopejskie. Maji ya kimea yalichemshwa kwa saa nyingi mno hadi yakawa mazito kama asali ya maji, kisha yakaachwa yachachuke yenyewe kwa vijidudu na ukungu wa vyumba vya chini. Haikunywewa kwa glasi kubwa. Watu waliichanganya na bia nyepesi, waliitia kwenye mchuzi na supu, na waliinywa kidogo kama dawa ya kujenga mwili. Jan Heweliusz, mwanaastronomia wa karne ya 17 aliyechora ramani maarufu za mwezi, alitoka katika ukoo wa wapika bia wa Gdańsk, na bia ndiyo iliyogharimia darubini zake. Katika misitu ya Kurpie, kaskazini-mashariki, wanakijiji bado hutengeneza kinywaji cha matunda ya juniperi na asali, chenye kilevi kidogo sana, kwa ajili ya sikukuu. Kuna koźlak pia, bia ya rangi ya kahawia yenye asili ya Kijerumani, ambayo ni nzuri lakini sina mengi ya kusema juu yake.

Namna za kunywa nazo zinastahili neno. Kabla kahawa haijaenea, familia nyingi za Poland zilianza siku kwa supu ya bia: bia nyepesi iliyopashwa moto, ikatiwa kiini cha yai, malai na vipande vya jibini nyeupe. Supu hiyo imebaki katika mikahawa michache, lakini bia ya moto ingalipo. Desemba na Januari baa hupasha laga kwenye sufuria pamoja na asali, tangawizi, mdalasini na karafuu, nayo huletwa ikitoa mvuke. Simaanishi moto wa chupa ambayo haikuwekwa kwenye friji, kama tunavyosema tukiagiza kwetu, bali moto wa jikoni. Mara ya kwanza nilikisikia kile kikombe kwa pua kabla ya kukiona, na harufu ilikuwa ya nyumba ya sikukuu ya pwani. Wapo pia wanaotia sharubati nyekundu ya rasiberi ndani ya laga na kuinywa kwa mrija, jambo ambalo wapenzi wengi wa bia hulidharau. Mimi silidharau. Ni desturi ya watu, na haimdhuru mtu.

Badiliko kubwa la zama hizi lilianza mwaka 2011, wakati marafiki watatu waliotoka katika upikaji wa nyumbani walipoanzisha Pinta. Hawakuwa na kiwanda. Walikodi matangi ya kiwanda kilichopo Zawiercie na kutoa bia iliyoitwa Atak Chmielu, yaani Shambulio la Hopsi, iliyojaa hopsi za Marekani zenye harufu ya machungwa na utomvu wa msonobari. Kwa mnywaji aliyelelewa na laga laini, ule uchungu ulikuwa mshtuko. Ndani ya miaka michache mamia ya bia mpya zilikuwa sokoni, baa zenye mabomba kumi na zaidi zikafunguliwa katika kila mji mkubwa, na tamasha la bia la Warszawa likawa linajaza uwanja wa klabu ya Legia. Pinta wenyewe baadaye walijenga kiwanda chao huko Wieprz, karibu na Żywiec.

Nina maoni mawili juu ya wimbi hilo. La kwanza ni shukrani, kwa sababu bila ule mshtuko wa hopsi za Marekani hakuna ambaye angewasikiliza watu wa Grodziskie. Pinta hao hao walitoa bia yao ya mtindo huo kabla kiwanda cha Grodzisk hakijafufuliwa. La pili ni malalamiko. Poland ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa hopsi barani Ulaya, na mashamba yake mengi yako mkoa wa Lublin, karibu na Puławy, ambako taasisi ya utafiti wa kilimo imezalisha aina kama Marynka, Sybilla na Iunga. Aina ya Lubelski, yenye asili moja na hopsi maarufu za Žatec za Wacheki, ina harufu ya upole ya maua na majani makavu, na ndiyo inayoifaa bia ya Grodzisk kuliko yoyote. Hata hivyo, mabomba manane kati ya kumi katika baa ya kawaida ya wapenzi wa bia hutoa bia za ukungu zenye ladha ya maembe, au bia nyeusi zilizotiwa vanila na sukari ya maziwa hadi zikawa kama keki. Wapikaji wananiambia kwamba ndizo zinazouzika, nami sina hoja ya kupinga hesabu zao. Nina ombi tu: katika mabomba hayo kumi, moja liwe la Grodziskie mwaka mzima, si wiki mbili za kiangazi.

Porta imepata bahati njema zaidi. Tangu mwaka 2016 Jumamosi ya tatu ya Januari ni siku yake, na baa nyingi nchini hufungua siku hiyo chupa na mapipa yaliyohifadhiwa kwa miaka. Glasi huwa ndogo, bia haiwi baridi sana, na watu huzungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida kwa sababu kila mmoja anaonja. Kiwanda cha Kormoran cha Olsztyn hutengeneza Imperium Prunum, porta yenye kilevi cha asilimia 11 iliyokaa na plamu za suska sechlońska, ambazo hukaushwa kwa moshi kusini mwa nchi na jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya. Niliionja mara ya kwanza nikiwa na mashaka, kwa kuwa nimechoka na bia za kutiwa matunda, lakini hapa tunda na bia vinazungumza lugha moja: plamu ilikuwamo tayari katika ladha ya porta, na moshi unaileta karibu zaidi.

Kwa anayesafiri kwenda Poland na angependa kujaribu, asihangaike na orodha ndefu. Aende duka maalumu la bia, si duka kubwa, aulize Grodziskie na porta ya Baltiki, na asome ekstrakti kwenye lebo: ya kwanza iwe karibu na 8, ya pili iwe kati ya 18 na 22. Grodziskie inunuliwe ikiwa na tarehe ya karibuni na inywewe mapema, ikiwa baridi, kwa sababu moshi na hopsi zake hufifia haraka. Porta itolewe kwenye friji mapema ili ipate joto la chumba cha baridi, nyuzi 12 hivi, na watu wawili wanaweza kugawana chupa moja bila kujiona wamepunjika. Akipata chupa mbili za porta, ya pili aifunge vizuri ndani ya nguo katikati ya sanduku na kuiweka nyumbani mahali penye giza na pasipo joto. Inakaa miaka, na inazidi kuwa laini.